Sumaku Inamwita Cheche

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na karakana ya Cheche ya kuchomelea vyuma. Kila alasiri muuza kahawa tunayemwita Binamu akishatua jiko lake la mkaa na birika lake, kazi zinasimama. Hapo anakaa Breki, dereva wa malori mstaafu, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna hata moja. Anakaa Kamusi, aliyekuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, na mpaka leo akiagiza kahawa utadhani anasoma hukumu. Ninakaa mimi, kiatu cha mtu mapajani. Na anakaa Cheche mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na tisa, mikono imekolea masizi, kicheko chake kinasikika mtaa wa pili. Jumatatu ninayotaka kuwasimulia, Cheche hakucheka. Alikaa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kwenye mfuko wa ovaroli, akaitandaza juu ya benchi na kuikandamiza kwa kikombe isipeperuke.

Cheche: Alhamisi nakwenda kupigwa picha.

Breki: Ya kitambulisho?

Cheche: Ya tezi dume.

Binamu alikuwa anamimina. Kahawa ikajaa, ikafurika, ikamwagika kwenye sahani, naye hakuona.

Mimi: Imekuwaje tena, bwana?

Cheche: Nilikwenda kufunga geti jipya la zahanati mwezi uliopita. Muuguzi akaniuliza umri. Nikamtajia. Akaniambia, mzee, nyoosha mkono nikutoe damu kidogo, wenzako wa umri huo tunawapima. Nikadhani utani. Damu ikarudi, kipimo kiko juu. Nikapelekwa kwa daktari.

Breki: Na daktari akaku... kile kipimo kingine? Cha kidole?

Cheche: Ndiyo.

Breki: Mama yangu!

Cheche: Sekunde kumi, Breki. Hiyo kahawa unainywa nusu saa.

Kamusi alikuwa ameshavaa miwani. Aliichukua karatasi kwa vidole viwili kama kielelezo cha kesi ya mauaji, akasafisha koo.

Kamusi: "Maelekezo kwa mgonjwa anayekuja kwa kipimo cha MRI ya tezi dume. Moja. Asile kitu kwa muda wa saa nne kabla ya kipimo."

Breki: Hilo naliweza.

Mimi: Hujaitwa wewe.

Kamusi: "Mbili. Asubuhi ya kipimo atumie dawa aliyopewa ya kusafisha utumbo, kwa kuiingiza kwa njia ya haja kubwa."

Binamu: Kwa njia ya wapi?

Kamusi: Imeandikwa hivyo, Binamu. Mimi siongezi neno. "Tatu. Asishiriki tendo la ndoa kwa muda wa siku tatu kabla ya kipimo."

Wote tukamgeukia Cheche.

Cheche: Mnaniangalia nini? Nalala kwenye kochi sebuleni tangu Ijumaa.

Mimi: Siku tatu kabla ya Alhamisi si zinaanza leo?

Cheche: Nimeongeza za akiba.

Hapo tukacheka, na yeye akacheka kidogo, na nilipomwona anacheka nikapumua. Lakini Kamusi akageuza ukurasa.

Kamusi: "Jibu maswali yafuatayo kwa ndiyo au hapana. Je, una kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo? Je, una chuma chochote mwilini? Je, umewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga vyuma? Je, umewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni?"

Cheche: Mnaona? Miaka thelathini na moja niko kwenye moto, wananiuliza kama nimewahi. Niandike mara ngapi?

Mimi: Kwani wanauliza kwa nini?

Cheche: Muuguzi aliyenipa hii karatasi aliniambia mashine yenyewe ni sumaku. Sumaku kubwa, mtu mzima anaingizwa ndani. Na hili jicho la kushoto, mnakumbuka ule mwaka diski ya grainda ilinipasukia? Walinitoa kipande. Daktari wa macho alisema kimetoka. Kama kimetoka chote, sijui. Nikaondoka pale bila kumuuliza yule muuguzi zaidi.

Mtu mwenye akili timamu angesema, rudi ukaulize. Sisi hatukusema hivyo. Sisi tulikuwa na kahawa.

Breki: Sumaku naijua mimi. Nilikuwa napeleka vyuma chakavu kiwandani. Walikuwa na moja inaning'inia kwenye winchi. Ilishuka, ikashika injini ya lori, injini nzima na giaboksi yake, ikaibeba kama kifaranga. Sasa wewe una kilo ngapi?

Cheche: Sabini na nane.

Breki: Injini ilikuwa na kilo mia tisa.

Kamusi: Jambo la jicho ni dogo. Tutazame jambo la damu. Damu ya binadamu, kama ilivyothibitishwa, ina madini ya chuma. Ndiyo maana mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza madini ya chuma. Sasa sumaku ikiwashwa, naomba mnijibu, damu yote itakwenda wapi?

Binamu: Itakimbilia upande mmoja.

Kamusi: Upande mmoja. Na upande wa pili je? Ubaki mtupu?

Breki: Na hapo hujaweka vumbi. Huyu amevuta vumbi la chuma miaka thelathini na moja. Mapafu yake ukiyapima yana nondo mbili na nusu. Hawatampiga picha huyu, watambandua kwenye dari.

Binamu: Mimi lakini linalonitisha ni lile la siku tatu. Kwa nini wanakataza? Mnajua kwa nini?

Mimi: Kwa nini?

Binamu: Mashine inasoma kumbukumbu. Ukienda hujatulia, kwenye kioo wanaona kila kitu. Mpaka ya ujanani. Mpaka majina.

Breki: Basi mimi watahitaji kioo kikubwa.

Tukacheka tena. Mimi pia nilicheka, siwezi kujitoa. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na Cheche, na nikaona amejiziba jicho la kushoto kwa kiganja, anaitazama karakana yake kwa la kulia. Akaichukua karatasi kwa Kamusi, akaikunja mara nne.

Cheche: Siendi.

Mimi: Cheche, usiseme hivyo.

Cheche: Siumwi popote. Nakula, nafanya kazi. Siendi kubandikwa kwenye dari kwa ajili ya namba za kwenye damu.

Akaondoka. Hata kahawa hakuimaliza. Muda mfupi baadaye tukasikia grainda inalia karakanani, inalia kupita kiasi, kama anakata kitu ambacho hakikuhitaji kukatwa.

Siku ya pili, Jumanne, tumekaa wote na Cheche yupo, hakuna anayegusia habari ile, tukamwona mkewe anavuka barabara. Mkewe anashona sare za shule nyumbani kwao, na tangu tujuane hajawahi kufika kijiweni. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na karatasi mkononi. Nikaitambua karatasi kwa mikunjo yake.

Shemeji: Hamjambo.

Tukaitikia hatujambo, kwa pamoja, kama darasa lililokamatwa na mwalimu.

Cheche: Mama watoto, twende tukaongelee nyumbani.

Shemeji: Nyumbani umekuwa na siku nne za kuongea, hukuongea. Nilitaka kufua ovaroli, nikaikuta hii. Nilidhani risiti ya vyuma.

Cheche: Nilikuwa nataka...

Shemeji: Siku nne unalala kwenye kochi. Unaniambia mgongo. Mimi nimelala peke yangu chumbani nahesabu wanawake wote wa mtaa huu. Jana nimemnyima salamu yule dada wa duka la unga, maskini, hana kosa lolote.

Siku nyingine Breki angeshika mbavu. Siku hiyo alikuwa anatazama viatu vyake.

Shemeji: Hapa nani alijua?

Binamu akaanza kuchochea mkaa.

Shemeji: Shemeji fundi, nakuuliza wewe. Ulijua?

Mimi: Nilijua, shemeji.

Shemeji: Wewe Kamusi?

Kamusi: Nilikuwepo wakati... ndiyo, shemeji. Nilijua.

Binamu akanyanyua mkono mwenyewe kabla hajaulizwa.

Shemeji: Mpaka muuza kahawa. Haya. Baba watoto, nilipopata uvimbe wa kizazi, kabla sijamwambia hata mama aliyenizaa, nilimwambia nani?

Cheche: Mimi.

Shemeji: Basi kwa nini hawa wamejua kabla yangu?

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali tungepata pa kushika, tungemwambia shemeji tulia, shemeji punguza hasira. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, akasubiri. Mkaa wa Binamu ulikuwa unalia kwenye jiko.

Mwisho Breki akasogea, akampisha. Shemeji akakaa kwenye benchi, katikati yetu.

Breki: Shemeji, mimi nikwambie ukweli. Anasema haendi. Tulimtisha. Mimi hasa.

Shemeji: Haendi?

Breki: Kasema haendi.

Shemeji: Mtu asiyekwenda angekuwa ameshatoka kwenye kochi.

Cheche akainamisha kichwa. Shemeji akaifungua karatasi, akaisoma polepole, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, mpaka chini kabisa, mahali ambapo Kamusi hakufika kwa sababu tulikuwa tumeshaanza mambo ya winchi.

Shemeji: Hapa chini pameandikwa, kwa maswali yoyote piga namba hii. Nani amepiga?

Hakuna. Akatoa simu kwenye mfuko wa gauni, akapiga, akaweka sauti ya juu, akailaza pajani. Ikaita mara nne. Ikapokewa na sauti ya mwanamke, sauti ya mtu aliyeongea tangu asubuhi lakini bado hajachoka na watu.

Simu: Idara ya picha, habari.

Shemeji: Nzuri, dada. Mume wangu ana kipimo cha tezi dume Alhamisi. Anachomelea vyuma. Aliwahi kuingiwa na chuma jichoni.

Simu: Ahsante sana kwa kupiga. Wengi hawasemi. Alitolewa?

Cheche: Nilitolewa, dada, lakini sina hakika kama kilitoka chote.

Simu: Ni wewe mwenyewe, baba? Basi usihangaike. Njoo kesho asubuhi tukupige eksirei ya macho, dakika tano tu. Macho yakiwa safi, Alhamisi unaingia kama wengine.

Cheche: Yasipokuwa safi?

Simu: Hatutakuingiza. Tutaongea na daktari wako tutumie kipimo kingine. Hutaachwa hivi hivi.

Kamusi akasogea karibu na paja la shemeji kwa heshima zote.

Kamusi: Samahani, mheshimiwa. Na kuhusu madini ya chuma yaliyomo katika damu yake?

Simu: Huyo nani?

Shemeji: Ni rafiki yake.

Simu: Hayavutwi, baba. Kila anayeingia ana damu, wewe pia unayo.

Binamu: Na siku tatu? Zile za... kwa nini zile?

Simu: Ili picha iwe safi. Sehemu zinazozunguka tezi zikiwa zimejaa zinaonekana vizuri zaidi. Hakuna siri nyingine.

Binamu alikaa chini. Nadhani alipata nafuu kuliko wote.

Simu: Na baba, usije na ovaroli. Uoge vizuri, uvae nguo za kawaida, tutakupa gauni letu. Saa, mkanda, funguo, simu, meno ya bandia kama unayo, vyote vinabaki nje. Uje na mtu wa kukushikia.

Shemeji: Nipo.

Simu ikakatika. Dakika tatu, labda nne. Siku nzima iliyotangulia tulikuwa tumemchimbia mwenzetu kaburi la sumaku, na mwanamke mmoja alikuwa amelifukia kwa simu moja. Shemeji akasimama, akakung'uta gauni. Cheche naye akasimama. Wakavuka barabara pamoja, hawashikani mikono, lakini yeye akipunguza mwendo na mume akiongeza, mpaka wakawa sawa.

Jumatano macho yakaonekana safi. Alhamisi karakana haikufunguliwa. Mimi nilishona soli ya kiatu kimoja mara mbili, mara ya kwanza niliishona upande usio wake. Breki alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kabla hata Binamu hajafika, anaangalia barabara.

Ijumaa Cheche akaja. Kicheko kilitangulia, yeye akafuata.

Breki: Umebanduliwa darini?

Cheche: Nipe kahawa kwanza. Jana nimefunga na kuoshwa matumbo, nilikuwa mwepesi kama puto.

Mimi: Ile dawa ya nyuma ilikuwaje?

Cheche: Dawa ni baridi. Unalala ubavu, unaingiza, unasubiri dakika chache, halafu unakimbia. Ukikumbuka kufungua mlango wa choo mapema, hakuna tatizo. Mimi sikukumbuka.

Kamusi: Endelea na maelezo.

Cheche: Nikafika. Wakaniuliza maswali yale yale ya karatasi, mara mbili, watu wawili tofauti. Nikavua kila kitu. Wakanipa gauni linalofungwa kwa nyuma kwa kamba, upepo unapita. Mkanda, saa, funguo za karakana na yale meno yangu mawili ya mbele nikampa mama watoto, akaviweka kwenye pochi yake. Nikamwambia, angalia usije ukaning'ata. Akacheka, na mimi nikaona kumbe bado tunacheka.

Breki: Ukaingia.

Cheche: Wakanidunga kasindano kadogo mkononi, ka kuingizia dawa ya kung'arisha picha. Nikalala chali kwenye kitanda chembamba. Wakaniwekea juu ya nyonga kitu kama kifuniko, wakaniziba masikio kwa vipokea sauti, wakanipa kipira mkononi. Yule dada, ile sauti ya kwenye simu, ndiye huyo huyo, akaniambia, baba, ukitaka kutoka bonyeza, nitakuja. Kitanda kikaanza kuingia chenyewe. Miguu mbele.

Binamu: Tundu ni dogo?

Cheche: Mabega yanagusa pembeni. Nikafumba macho. Moyo ulikuwa unanipiga, sitawadanganya, na kipira nilikishika kama shingo ya kuku. Halafu ikaanza kelele.

Mimi: Kelele gani?

Cheche: Jamani, karakana! Karakana tupu! Kwanza ikaja drili ya ukutani. Halafu nyundo kwenye bati, ga ga ga ga. Halafu grainda yenye diski iliyokwisha, ile inayotaka kubadilishwa na mwenyewe anabana matumizi. Nikasikiliza, nikasema moyoni, huyu fundi anafanya kazi vizuri, lakini hana mpangilio. Mwili wote ukalegea.

Breki: Halafu?

Cheche: Halafu nikasikia sauti masikioni: "Baba. Baba. Samahani. Tafadhali usikorome, unatikisa picha."

Nakwambieni, Kamusi, ambaye sijamwona anacheka hivyo tangu astaafu, alivua miwani na kufuta machozi. Binamu aliweka birika chini asije akajiunguza. Tulicheka mpaka dada wa duka la unga akatoka mlangoni kutazama.

Tulipotulia, Cheche alikuwa anakizungusha kikombe chake.

Cheche: Aliniuliza tena, mama watoto. Pale nje, tunasubiri niitwe. Lile swali lake.

Mimi: Ukamjibu nini?

Cheche: Nikamwambia, nyinyi nikiwaambia, mnacheka, na mimi nacheka, siku inapita. Yeye nikimwambia, inakuwa kweli.

Breki akamwekea mkono begani, akauacha hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida ya wanaume wa benchi letu.

Mimi: Naye akasemaje?

Cheche: Akasema ilikuwa kweli tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba nilikuwa naibeba peke yangu.

Majibu hayakuja siku moja. Picha ilisomwa wiki iliyofuata, ikaonyesha doa upande wa kushoto wa tezi. Wakamwita tena, wakatumia ile picha kama ramani, wakachukua vipande vidogo vya nyama kwa sindano, wakampa dawa za kuzuia wadudu na kumwambia asinyanyue vyuma vizito siku kadhaa. Siku hizo alikaa benchini akielekeza kazi kwa kidole kama bosi, na akasema haipendi ile kazi ya ubosi hata kidogo. Halafu kukawa na kusubiri. Kusubiri kulikuwa kubaya kuliko sindano, alisema mwenyewe, na mimi ninaamini, kwa sababu hata sisi tuliokuwa tunasubiri pembeni tulikuwa tunakunywa kahawa bila kujua kama ina sukari.

Jumanne moja, saa kumi jioni, tukawaona wanakuja wawili, Cheche na shemeji. Tukasogea bila kuambiwa. Wakakaa.

Cheche: Ni saratani.

Neno lile lilikuwa halijatamkwa hapo benchini hata mara moja, pamoja na maneno yote tuliyoyamwaga. Breki akavua kofia. Sijui alidhani yuko wapi.

Shemeji: Vaa kofia yako, shemeji. Hajamaliza kusema. Maliza, baba watoto.

Cheche: Ni saratani, lakini ni ndogo. Kama punje ya mahindi. Imekaa ndani ya tezi, haijatoka nje. Daktari alituonyesha kwenye kioo. Picha yangu yote iko pale, kibofu, mifupa ya nyonga, na hapo pembeni kadoa. Mifupa safi. Matezi ya jirani safi.

Shemeji: Nilimuuliza daktari, unamtibu apone, au unampoza tu? Akaniambia, mama, huyu tunamtibu apone. Akasema tumekuja mapema.

Cheche: Naanza mionzi mwezi ujao. Siku tano kwa wiki, wiki nne. Nalala kitandani dakika chache, narudi zangu. Kazi nitafanya ya nusu siku, nikichoka napumzika. Kuna mambo ya mkojo na mengineyo yanaweza kusumbua kidogo, ametueleza yote. Wote wawili ametueleza.

Kamusi: Kwa hiyo, kwa ufupi wa maneno...

Shemeji: Kwa ufupi wa maneno, Kamusi, tuko naye.

Kamusi akasimama, akampa Cheche mkono, akampa shemeji mkono, akatupa na sisi wengine mikono, hata Binamu, kama tumehitimu kitu. Binamu akamimina kwa wote, akamimina na cha shemeji, kikombe kipya ambacho nadhani alikuwa amekiweka tayari. Jua lilikuwa limegonga mabati ya karakana, mwanga unarudi usoni kwa Cheche, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona ana umri wake halisi.

Breki: Ile damu ya mwanzo. Wanatoa nyingi?

Cheche: Kichupa.

Breki: Sindano ndefu?

Cheche: Fupi. Zahanati iko wazi mpaka saa kumi na moja.

Breki: Nimeuliza tu.

Shemeji: Kesho asubuhi tunapita kule zahanati kuchukua karatasi ya rufaa. Tutakupitia nyumbani saa tatu. Uwe umeshaamka.

Breki: Nimeuliza tu, shemeji.

Shemeji: Saa tatu.

Kamusi: Na kama nafasi ipo, mimi pia niko tayari kufika.

Mimi nikasema nitafunga kibanda asubuhi hiyo, viatu vitasubiri. Nilisema haraka, kabla sijabadili mawazo. Binamu akaanza kueleza kwamba yeye ana miaka arobaini na miwili tu, wakamwambia anyamaze, zamu yake itafika.

Kumbe muda wote huo kulikuwa na mtu amesimama mlangoni mwa karakana, mteja aliyekuja kuagiza madirisha, mgeni kabisa mtaani. Alikuwa amesikia kila kitu, maana sisi hatujui kusema chini chini. Akasogea kwa adabu, akasalimia, akampa Cheche pole na hongera kwa pamoja.

Mgeni: Samahani, wazee wangu. Naona nyinyi mambo haya mmeyajua sana. Naomba kuuliza.

Kamusi: Uliza, bwana. Uko mahali penyewe.

Mgeni: Hii tezi dume, kwani inafanya kazi gani mwilini?

Kamusi akafungua mdomo, akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena.

Mgeni: Maana figo najua. Ini najua. Hii je?

Breki akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Cheche. Cheche akajitazama tumboni, kama kuna kibao kimebandikwa.

Cheche: Miaka hamsini na tisa niko nayo.

Shemeji akaanza kucheka. Alianza taratibu, mkono mdomoni, halafu akamwegemea mumewe begani na kucheka wazi wazi, kicheko kinachosikika mtaa wa pili, tukajua alikojifunzia. Kamusi akamnyooshea Binamu kikombe haraka, apate cha kufanya kabla ya kujibu.

Binamu akaliinamisha birika, akalitikisa, akatazama ndani.

Binamu: Imekwisha, jamani.